Epoksi juu ya faiba ina utando unaoteleza, rangi haishiki

Balsa_Nzuguni:
Wakuu, habari za jioni. Nina boti ya mfano ya balsa (mbao nyepesi sana), sentimita 60. Nimeilaza kitambaa cha faiba cha gramu 49 kwa mita ya mraba, usiku, chumba kikipashwa joto na jiko la mkaa maana baridi ya Julai hapa Dodoma mnaijua. Epoksi imekauka, ila juu inateleza kama imepakwa mafuta, ina vipovu, na nyuzi zinaonekana. Msasa unaziba papo hapo. Nibandue yote?

MsasaLaini:
Usibandue. Mchawi ni hilo jiko. Mkaa unatoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo pamoja na unyevu hushikana na hadina (ile chupa ya kukazia epoksi) kabla haijamalizana na resini (chupa ya epoksi yenyewe), hasa kukiwa na baridi. Ndio huo utando. (Tena mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, acha kabisa.)

Utando unayeyuka kwenye maji, kwa hiyo osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na dodoki la kusugulia sufuria, futa kwa kitambaa safi, acha ikauke. Ukianza na msasa unausambaza tu, na rangi itabanduka baadaye. Baada ya hapo msasa wa maji namba 240. Ukiona nyuzi zinaanza kuwa nyeupe, simama, umeshafika kwenye kitambaa.

Fundi_Kikuyu:
Vipovu navyo: balsa ikizidi kupata joto, hewa iliyomo inatanuka na kutokea kwenye epoksi mbichi. Pasha mbao kwanza, paka joto likianza kushuka. Kwa hali ya hapa anza kama saa nane mchana, ikaze kabla baridi haijaingia.

Nyuzi kuonekana si kosa. Mkono wa kwanza ni wa kulowesha tu: kipande cha kitambaa kikiwa na uzito wa gramu 12, epoksi gramu 12 hadi 15, iliyozidi ikwangue kwa kadi ya plastiki. Mkono wa pili, ndani ya saa chache wakati wa kwanza bado unanata kidogo, ndio unaojaza. Ukichelewa hadi kesho, osha na upige msasa kwanza. Mashimo yaliyobaki jaza kwa epoksi iliyochanganywa na poda ya talki hadi iwe nzito kama siagi, kisha msasa 400, halafu praima.

Balsa_Nzuguni:
Asanteni. Nikiongeza thina ili iwe nyepesi? Na ikibaki laini, naongeza hadina?

MsasaLaini:
Vyote hapana. Thina inanaswa ndani na epoksi inabaki dhaifu. Weka chupa ya resini kwenye maji ya moto kidogo, itakuwa nyepesi yenyewe. Hadina iliyozidi haina resini ya kushikana nayo, hivyo italainisha zaidi. Fuata kipimo cha chupa, na angalia kama ni cha ujazo au cha uzito, maana hadina kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini na namba hazilingani. Mchanganyiko mwage kwenye sahani bapa; ukikaa kwenye kikombe unachemka na kuganda mkononi.

Fundi_Kikuyu:
Na vumbi letu hili: piga deki siku moja kabla, sio siku hiyo, kisha funika boti kwa boksi kubwa lisiloigusa. Wakati wa msasa vaa barakoa, na glovu muda wote.