Tangi la plastiki lita 5,000 au birika la kujenga?

Mkomani_74: Asalaam aleikum. Nataka kuweka maji nyumbani kabla ya masika. Kuna mtu ananiuzia tangi la plastiki la lita 5,000, na kuna fundi atakayenijengea birika kwa pesa zizo hizo. Nichukue lipi?

FundiShela: Waaleikum salaam. Ndugu, hujasema kitu. Mko wangapi? Tangi litakaa chini au juu? Na birika, vipimo vyake?

Mkomani_74: Tuko saba. Tangi nataka darini. Birika fundi kasema mbili kwa mbili, kina moja na nusu, lita 6,000.

BintiLangoni: Darini juu ya boriti? Lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni tani tano! Usithubutu.

Kichwa_Ngumu: Letu liko juu mwaka wa nane na nyumba imesimama.

BintiLangoni: La lita ngapi?

Kichwa_Ngumu: Elfu moja.

MzeeMatondoni: Mwanangu, muulize fundi: mbili kwa mbili ya nje au ya ndani? Mimi nilijengewa vipimo hivyo hivyo, nikalipia lita 6,000. Kuta zikatoka sentimita 30 kila upande pamoja na lipu, ndani ikabaki 1.4 kwa 1.4. Kisha paipu ya kutolea maji yakizidi akaitoboa sentimita 20 chini ya ukingo, basi kina cha maji ni 1.3. Zidisha mwenyewe: lita 2,548. Haifiki nusu! Niliyajua haya siku ya pili ya harusi ya binti yangu, wageni wamejaa, birika linakwaruza. Tulibeba mitungi kwa punda mpaka usiku. Bado inaniuma.

FundiShela: Pole sana mzee. Hata tangi lipimwe. La duara: nusu ya kipenyo mara nusu ya kipenyo, mara 3.14, mara kimo, ukipima kwa mita unazidisha 1,000. Kipenyo 1.6 na kimo 2.5 ni lita 5,024. Ukisahau kugawa kipenyo utapata mara nne, na wengi hukosea hapo. Paa lako je? Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja.

BintiLangoni: Mimi birika tu. Maji hukaa baridi. Bibi yangu alitia samaki wadogo, wakila viluwiluwi vya mbu.

Kichwa_Ngumu: Samaki kwenye maji ya kunywa?

MzeeMatondoni: Hayo ni ya kuoga na kutawadha. Ya kunywa yalikaa mtungini, na ya mvua ndiyo matamu, si haya ya visima yenye chumvi.

Kichwa_Ngumu: Ya visima vya Shela, hapa hapa Lamu, hayana chumvi.

MzeeMatondoni: Shela ni Shela. Njoo uonje ya kwetu.

Mkomani_74: Paa ni 6 kwa 8, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni lita 960, alhamdulillahi. Fundi nimemuuliza nje au ndani, hajajibu. Tangi basi likae uani. Lakini kichochoro chetu punda wawili hawapishani, litapitaje?

FundiShela: Upana wake ngapi, penye kona?