Jiwe lenye msalaba shambani kwa baba mkubwa: kuna dhahabu ya Mjerumani kweli?

MamaNeema

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Naandika nikiwa Kiomboi. Naomba majibu mapema kwa sababu Jumamosi kuna pesa inataka kutolewa.

Baba yangu mkubwa ana shamba la alizeti upande wa kushuka kwenda Sekenke. Mwezi uliopita plau la ng'ombe liligonga jiwe kubwa. Walipolifuta udongo wakakuta limechongwa msalaba, na chini yake tarakimu mbili na kitu kama herufi. Habari zikatembea. Akaja mtu anayejiita mtaalamu, ana mashine ya kupimia yenye fimbo na sahani. Alipoipitisha pale ikalia mfululizo. Akasema mita 12 chini kuna masanduku matatu ya dhahabu, yalifukiwa na Wajerumani wakati wa Vita ya Kwanza, na kwamba mali hiyo ina mlinzi. Anataka beberu mweusi na shilingi 2,400,000 za kuifungua. Baba mkubwa ameshauza ng'ombe wawili. Vijana wameanza kuchimba, shimo limepita kimo cha mtu.

Mzee ana miaka 71, amelima maisha yake yote. Tangu nikiwa mtoto namsikia akisimulia jinsi babu alivyoona wapagazi wakipita usiku na mizigo ambayo haikurudi. Hadithi hiyo ndiyo inayomchimbisha kuliko tamaa ya pesa. Je, Mjerumani alifukia dhahabu kweli? Na nikikaa na mzee nianzie wapi?

BikoniMstaafu

Pole dada. Nimepima ardhi miaka 28. Jiwe lenu sijaliona, ila msalaba wenye namba chini yake sisi tunaujua: pale mistari miwili inapokatana ndipo mpimaji alipoweka chombo chake, na namba ni ya kuitafuta alama hiyo kwenye ramani. Sekenke ilianza kuchimbwa dhahabu mwaka 1909, kwa hiyo mabonde yale yamepimwa na kupimwa tena kwa viwanja vya migodi, barabara na mipaka. Ukikuta jiwe la namna hiyo huko, mimi nafikiria bikoni, yaani alama ya mpimaji, kabla ya kitu kingine chochote.

Lipigeni picha, mwende ofisi ya ardhi ya wilaya wawasomee namba. Na wasiling'oe, kwa sababu kuharibu alama ya upimaji ni kosa.

MwanaDuara

Mimi ni mchimbaji mdogo, nimeingia maduarani, yaani mashimo ya dhahabu, Geita na hapo hapo Iramba. Nitaongelea shimo na mashine tu.

Hizo mashine za mkononi haziendi mita 12. Kipande kidogo cha chuma zinakikamata kikiwa karibu kabisa na juu, na sanduku kubwa labda mita moja na ushee. Tena ardhi yenu ina mawe ya chuma, yale mekundu yenye vitobo, na hayo yanailiza mashine kutwa nzima. Mwambie huyo mtu aipitishe hatua 30 mbali na jiwe. Italia vilevile.

La pili ndilo la maana zaidi. Shuka mwenyewe, au tuma kijana unayemwamini, mtazame kuta za shimo. Udongo ambao haujawahi kuguswa unakaa kwa tabaka: juu mweusi, kisha mwekundu, kisha changarawe, kisha ule mgumu unaokataa sururu. Mahali palipowahi kuchimbwa na kufukiwa tabaka zinachanganyika, unakuta changarawe juu na udongo mweusi chini, na hata miaka 100 ikipita hazirudi kujipanga. Kama kuta zenu zina mistari iliyonyooka pande zote nne, basi tangu Mungu aumbe hapo hakuna mtu aliyefukia kitu.

Na wamepita kimo cha mtu bila matimba, ile miti ya kushikilia kuta? Watoeni hao vijana leo, usingoje kesho. Nimeshika miguu ya rafiki yangu iliyobaki nje ya kifusi. Tulichelewa.

MzeeWaReli

Marahaba mwanangu. Nilifanya kazi reli Tabora miaka 31, nitakujibu kuhusu hiyo dhahabu yenyewe.

Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo, na ilitoka hapo hapo Sekenke. Vita ilipomfungia bahari akakosa sarafu za kulipia watu. Mwaka 1916 wakatengeneza za kwao Tabora, kwa mitambo ya reli. Ni sarafu ya rupia 15: upande mmoja tembo amenyanyua mkonga na mlima nyuma yake, upande wa pili tai, na herufi T ya Tabora. Niliwahi kuishika moja. Ni ndogo lakini nzito mkononi, na tembo yule ukimtazama unamsikia. Leo watu wa kukusanya sarafu wanaitolea maelfu ya dola.

Sasa piga hesabu nami. Zilitengenezwa 16,198. Kila moja ina gramu 7 na kidogo, na robo tatu tu ya uzito huo ndiyo dhahabu. Zote pamoja hazifiki hata kilo 90 za dhahabu, na zilitengenezwa ili zitumike, zikaenda mikononi mwa watu. Masanduku matatu yaliyojaa yatoke wapi? Septemba ya mwaka huo Wabelgiji kutoka Kongo wakaichukua Tabora. Mwaka 1917 jeshi lile likiwa porini lilichapa noti kwa mihuri ya mpira, herufi moja moja. Mwenye masanduku ya dhahabu hapigi mihuri ya mpira.

Babu yako simkatalii. Wapagazi walipita, na usiku walipita. Walibeba risasi, unga, vipande vya mizinga, na maelfu kwa maelfu wakafia njiani. Mizigo haikurudi kwa sababu waliobeba hawakurudi. Hilo mwambie baba yako mkubwa kwa heshima, maana kumbukumbu ya familia yenu ni ya kweli.

Na kama anataka kujua Mjerumani alificha nini hasa, mwambie habari ya Kigoma. Masanduku yalikuwepo, maelfu, yakapita kwenye reli yetu kutoka Dar es Salaam, na ndani yake mlikuwa na meli iliyokatwa vipande, Graf von Götzen. Waliiunganisha Kigoma. Julai 1916, adui alipokaribia, mafundi wakaipaka injini grisi nene wakaizamisha ziwani taratibu, wakitumaini watairudia. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

MamaNeema

Nawashukuru sana, Mungu awabariki. Nimetoka shambani sasa hivi.

Vijana wametoka shimoni. Nilishuka kwa ngazi mimi mwenyewe na tochi ya simu: mweusi, mwekundu, changarawe, mistari imenyooka pande zote nne. Nikamwita baba mkubwa aje atazame kutoka juu. Akatazama kwa muda mrefu bila neno. Yule mtaalamu alipoombwa apime mbali na jiwe, alisema betri imekwisha, akapanda bodaboda. Pesa hakupata, beberu yuko zizini. Ng'ombe wawili ndio wamekwenda.

Jioni nilimsomea mzee jibu la MzeeWaReli neno kwa neno. Nilipofika kwa wapagazi akaniambia nirudie. Nikarudia mara mbili. Kisha akaniuliza kama majina yao yaliandikwa mahali, maana kaka wa babu alichukuliwa mwaka ule na hadi leo kwao hawajui aliishia wapi. Sikuwa na jibu.

MzeeWaReli, kama ukiwa reli uliwahi kuona daftari lolote la watu wale, naomba unielekeze. Nauli ya Tabora ninayo.