Baba anatolewa mtoto wa jicho, ana sukari na tezi dume, naombeni ushauri

Kijana wa Mbagala:
Wakuu habari za jioni, mzee wangu ana miaka 71, wiki ijayo anafanyiwa opareshen ya mtoto wa jicho, ana sukari halafu anameza tamsulosini ya tezi dume, naogopa kwakweli, shida zinaweza kujulikana mapema?

Mdau:
Hiyo tamsulosini mwambieni daktari wa macho KABLA. Inalegeza ile sehemu ya jicho yenye rangi, inaanza kuchezacheza na mboni inasinyaa katikati ya opareshen, madaktari waliliandika hili 2005. Msiikatishe wenyewe, hata aliyeacha bado inaweza kumtokea, muhimu daktari ajipange.

Dada wa Temeke:
Sukari ishuke kwanza, na retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ichunguzwe, ikiwa imeshaharibika lenzi mpya anayowekewa kwenye opareshen peke yake haitoshi. Mama yangu siku ya tatu baada ya opareshen kama hiyo jicho likawa jekundu, linauma, uoni unashuka, tukampa panadol tukijua kawaida kumbe bakteria wameingia ndani, tulichelewa, inaniuma mpaka leo. Mkiona hivyo rudini usiku huohuo jamani.

Kijana wa Mbagala:
Pole sana dada. Kesho nabeba vidonge vyake vyote naenda navyo kliniki.