Mfumo wa AMCOS (chama cha msingi cha wakulima) ya korosho: upande wa seva niende na Laravel (ya PHP), Django (ya Python) au Node (ya JavaScript)?

kuchele_dev
Wakuu heshima kwenu. Nipo Mtwara mjini, nimepata kazi ya kutengeneza mfumo wa chama cha msingi huko Tandahimba. Karani anapima korosho ghalani, anaingiza kilo na daraja, mkulima anapata risiti yake, af mnada ukishapita mfumo upige hesabu, bei toa makato, itoke orodha ya malipo ya kupeleka benki. Viongozi wanataka iwe kama app kabisa, sio kila ukibonyeza ukurasa unapakia upya. PHP naijua vizuri, Python ni ya kuombea maji tu, Node nimeigusagusa. Washkaji wa Dar wananiambia PHP imeshakufa. Bajeti ni ya hostingi ya bei chee. Nishaurini ila msianze vita vya lugha jamani.

fundi_masasi
Hiyo PHP naisikia inakufa toka naanza kazi na mazishi hayafiki, Wikipedia mpaka leo inaendeshwa na PHP. Nenda Laravel mdogo wangu. Kulogi, ruhusa za karani na mhasibu, foleni ya kazi nzito, vyote unavikuta humo. Na hostingi yoyote yenye cPanel (paneli ya kusimamia hostingi) inapokea PHP bila maneno, Node mara nyingi itakupeleka kwenye VPS, seva ya kukodi unayoiendesha mwenyewe, na VPS maana yake apdeti wewe, bakapu wewe, na ikilala usiku katikati ya msimu anayepigiwa simu ni wewe. Kabla hujalipia uliza wana PHP 8 ya karibuni, wengine bado wamekaa na 7.4 ambayo iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022.

binti_lindi
Mi nipo Lindi natumia Django na sijutii. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa watu wote 2005, waandishi walikuwa wanataka kitu leo leo, ndo maana inakuja na kurasa za admin tayari. Unaeleza tu jedwali la wakulima na la mizigo, mhasibu anapata sehemu ya kutafuta na kurekebisha bila wewe kuchora fomu hata moja. Ila kwa Python ya kuombea maji na msimu unabisha hodi, kaka baki na unachokijua.

nodi_shangani
Node sio mbaya ila watu wanaisifia pasipo. Nguvu yake ni kushika miunganisho mingi inayosubirisubiri kwa wakati mmoja, chati, taarifa za papo hapo. Ila kodi yako inakimbia kwenye uzi (thread) mmoja, hesabu nzito ukiiweka humo humo wengine wote wanasubiri. Na kwenye hela angalia sana, JavaScript ukijumlisha 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. PHP nayo ni hivyohivyo, inakuficha tu wakati wa kuchapisha. Kilo na shilingi weka DECIMAL (aina ya namba inayotunza desimali kamili) kwenye databesi, mkulima akiona risiti na benki zinapishana hata shilingi kumi hapo chamani hapakaliki.

fundi_masasi
@nodi_shangani hapo umenena.

mpwapwaji
Wote mnagombania seva wakati shida ipo pale mzanini. Mtandao unakatika, foleni ya wakulima na magunia inafika barabarani, karani anabonyeza hifadhi kioo kinazunguka tu, anabonyeza tena, mzigo umeingia mara mbili. Kwa hiyo kuchele, Laravel sawa ila usiende na Livewire (nyongeza ya Laravel ya kutengeneza kurasa za kama app) kwenye kioo cha karani, maana karibu kila tendo linarudi kuuliza seva, mtandao ukilala na kioo kimelala. Itumie ofisini kwa mhasibu huko. Cha karani kiandike JavaScript, service worker (skripti inayokaa nyuma ya brauza) itunze kurasa, mizigo ikae kwanza kwenye IndexedDB, databesi ya ndani ya brauza ya simu, ikipata mtandao ndo itume. Kila mzigo simu yenyewe iupe UUID (namba ya kipekee isiyojirudia) palepale unapopimwa, na seva ikiona namba ishakuja isiandike tena, ijibu tu nimepokea. Ukishafanya hivyo nyuma ukiweka Laravel au Django karani hatajua tofauti. Service worker haikubali bila HTTPS (muunganisho uliofichwa kwa cheti) lakini, chukua cheti cha Let's Encrypt, bure.

kuchele_dev
Aisee hiyo ya UUID sikuwa nayo kabisa kichwani. Basi Laravel, kioo cha karani nakiandika pembeni. Sasa risiti, kuna viprinta vidogo vya bluetooth, brauza inaweza kuvituma moja kwa moja?

mpwapwaji
Chrome ya Android inaweza kwa bluetooth ya aina ya BLE (ile inayokula umeme kidogo), ila viprinta vingi vya bei rahisi ni ile ya zamani, na hiyo Chrome imeanza kuikubali 2025 tu, kwa njia nyingine ya Web Serial, simu yenye Chrome ya zamani haitaviona. Waambie chama wasinunue mpaka uazime kimoja ukijaribu na simu hiyohiyo ya karani.

binti_lindi
Na ujaribu na karatasi zake kabisa, zile nyepesi maandishi yanafutika zikikaa juani, mkulima anarudi na karatasi nyeupe. Namba ya mzigo mtumie na kwa SMS.