Tupeane uzoefu: siku tovuti yako ilipoanguka, uliirudishaje?

#1 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Najenga tovuti kwa WordPress, na kusema kweli kujenga hakujawahi kunitoa jasho. Unachagua mandhari, unaweka plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti kazi) tatu nne, unapandisha picha, watu wanasifu. Shughuli ni miaka inayofuata. Naomba uzi huu uwe wa visa vya kweli tu: tovuti ilianguka vipi, ulifanya nini saa ile, na siku hizi unafanya nini tofauti. Iwe WordPress, Joomla, Drupal au mfumo mwingine wowote wa programu huria.

Naanza mimi. Asubuhi moja napigiwa simu: tovuti haifunguki. Nafungua, nakuta ukurasa mtupu wenye sentensi moja tu kwamba kumetokea hitilafu kubwa. Nikashangaa, maana wiki nzima sikuwa nimeingia humo, sikusasisha, sikufuta, sikugusa kitu.

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, plagini ikiangusha tovuti, WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa mlango wa dharura. Barua hiyo ilitumwa kweli. Ilikwenda kwa mtu aliyeijenga tovuti kabla yangu, ambaye anwani yake ilikuwa bado imekaa kwenye mipangilio, na anwani yenyewe ilishafungwa.

Nikaingia kwa upande wa mafaili. Ndani ya wp-content kuna folda inaitwa plugins. Nikaibadilisha jina kuwa plugins-zima. Nikafungua tovuti upya, ikaja, ingawa bila fomu wala kalenda. Nikaingia kwenye dashibodi, nikafungua orodha ya plagini ili mfumo uone hazipo na uzizime zote. Kisha nikarudisha jina la folda na kuanza kuziwasha moja moja, kila nikiwasha naangalia ukurasa wa mbele. Ya sita ndiyo iliyoangusha. Ilikuwa plagini ya fomu ambayo aliyeitengeneza aliitelekeza zamani, na ndani yake kulikuwa na create_function, amri ya PHP (lugha inayoendesha WordPress) ambayo toleo la 7.2 lilianza kuionya na toleo la 8.0 likaiondoa kabisa. Kampuni inayotuhifadhia tovuti ilipandisha PHP usiku ule kutoka 7.4 kwenda 8. Na taarifa walitoa, tena mapema. Ilikwenda kwenye anwani ileile iliyokufa.

Siku hizi nikipokea tovuti ya mtu, kabla sijatazama rangi wala menyu, naangalia barua pepe ya msimamizi ni ya nani. Karibuni.

#2

Pole mkuu. Yangu ni ya bakapu, yaani nakala ya akiba, na bado inaniuma.

Bakapu nilikuwa nayo, ya kila usiku, inajiendesha yenyewe. Naona tiki ya kijani, nalala. Nisichokiangalia ni mahali zinapokaa: ndani ya wp-content, seva ileile, diski ileile. Diski ilipokufa, tovuti na bakapu zake zote zikaenda pamoja.

Ilikuwa tovuti ya chama cha wahitimu. Habari na matangazo mtu ataandika mengine, hayo sikuyalilia. Kulikuwa na ukurasa wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na chini ya kila jina watu walikuwa wameandika maneno yao. Mengine yaliandikwa na watu ambao nao sasa hawapo.

Kilichonisaidia ni Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za zamani. Nikaweka anwani yetu, nikachagua tarehe ya karibuni waliyopita, nikaanza kunakili ukurasa kwa ukurasa. Maneno mengi niliyapata. Picha zilikuwa nusu kwa nusu: unafungua ukurasa, jina la marehemu lipo, salamu zipo, palipokuwa na uso pana kisanduku tupu. Nikawaandikia wanachama wachimbe kwenye simu zao. Baadhi ya nyuso zilirudi kwa njia hiyo, zingine mpaka leo hazijarudi.

Sasa nakala inatoka nje ya seva kila usiku, na mara moja kwa mwezi naisimamisha tovuti nzima kwenye kompyuta yangu kutoka kwenye nakala hiyo. Nazingatia vitu vitatu: databesi, folda ya uploads, na faili la wp-config.php lenye mipangilio ya kuunganisha na databesi. Ukichukua databesi peke yake unabaki na maandishi yasiyo na picha, na wengi hawalijui hilo mpaka siku ya kurudisha.

#3

Yangu fupi. Tovuti haikuanguka, ila haikuonekana kwa mtu yeyote. Miezi minne Google haitutambui. Nikabadilisha vichwa vya habari, nikaongeza makala, wapi. Kumbe wakati wa ujenzi nilitia tiki kwenye kile kisanduku cha mipangilio ya usomaji kinachoziomba injini za utafutaji zisiipitie tovuti, na siku ya uzinduzi hakuna aliyekumbuka kuitoa. Kagueni sasa hivi, hata kama mna uhakika.

#4

Mimi ni mtu wa Joomla tangu 1.5, na naipenda. Kwa wasiojua, jina lenyewe ni letu: mwaka 2005, kundi lililojitenga na mfumo wa Mambo lilichukua neno "jumla" na kuliandika kwa tahajia ya kumsaidia Mzungu kulitamka.

Kisa changu ni cha kuhama toleo. Kutoka 1.5 kwenda 2.5 hapakuwa na njia ya moja kwa moja. Ilibidi kuyabeba makala kwa chombo cha pembeni mpaka kwenye mpangilio mpya wa databesi, na template pamoja na nusu ya viendelezi ukaviacha nyuma. Niliifanyia kazi hiyo kwenye tovuti yenyewe iliyo hewani, wageni wakiingia na kutoka. Siku tatu mtu akibofya menyu anaangukia ukurasa usiopatikana.

Kwa hiyo msaada wa Joomla 3 ulipokaribia kukoma Agosti 2023, nilijipanga. Nilitengeneza nakala ya tovuti nzima kwenye anwani ya pembeni yenye nenosiri, nikaipandisha kwanza hadi 3.10, ambayo ina ukaguzi wa kukuonyesha kipi kiko tayari kwa toleo la 4 na kipi hakiko. Orodha ilitoka na viendelezi 23. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kubofya kitufe cha kusasisha hakukuchukua hata robo saa, lakini kuwauliza watu "hiki nani anakitumia?" kulichukua wiki mbili. Kuna kimoja cha kura ya maoni ambacho kura ya mwisho ilipigwa miaka sita nyuma. Tulibaki na tisa. Tovuti ikawa nyepesi, na siku ya kuhama hasa hakuna mgeni aliyegundua kitu.

#5

Drupal hapa. 15 Oktoba 2014 siisahau.

Siku ile lilitangazwa tundu la Drupal 7 ambalo mtu yeyote, bila hata akaunti, aliweza kulitumia kuingiza amri kwenye databesi. Dawa ilikuwa kupanda hadi 7.32. Niliisoma taarifa, nikasema nitafanya wikiendi, nikafanya baada ya siku mbili. Nikajiona mtu makini.

Tarehe 29 mwezi uleule, timu ya usalama ya Drupal ikatoa tangazo la pili: ambaye hakuziba ndani ya muda wa saa 7 tangu tundu litangazwe, ahesabu kwamba tovuti yake imeshaingiliwa. Nilisoma mara mbili. Nikafungua databesi, jedwali la menu_router, nikapanga safu na kuzipitia kwa jicho. Nikaikuta safu moja ambayo kwenye access_callback, mahali ambapo hukaa jina la kazi ya kukagua ruhusa, palikuwa pameandikwa file_put_contents. Yaani mlango wa kumwandikia mtu faili lolote kwenye seva yangu. Tovuti kwa nje ilikuwa inapendeza, kila kitu kinafanya kazi.

Sikujaribu kusafisha. Ukiona mlango mmoja hujui kama upo wa pili. Nilifuta kila kitu, nikarudisha nakala ya kabla ya tarehe 15, nikaiziba kabla ya kuiweka hewani, nikabadilisha manenosiri yote mpaka la databesi, halafu makala ya wiki mbili nikayaingiza upya kwa mkono.

Tangu hapo taarifa za usalama zinaniingilia kwenye simu, na sasisho la usalama halisubiri wikiendi. Ya urembo yanasubiri hata mwezi.

#6

Mada nzuri sana, nimejifunza. Naomba kuuliza hapohapo: nimehamisha WordPress kwenda domeni mpya. Nikashusha databesi kama faili la maandishi, nikatumia "tafuta na badilisha" kuondoa anwani ya zamani, nikapandisha. Makala yako sawa lakini wijeti zimepotea na mipangilio ya mandhari imerudi ya mwanzo. Nimekosea wapi?

#7

@#6 hujapoteza kitu kama faili la asili bado unalo. WordPress huhifadhi mipangilio mingi ikiwa imefungashwa pamoja na idadi ya herufi zake. Anwani ya zamani inakaa hivi:

s:18:"http://zamani.test"

Hiyo 18 ni urefu. Wewe ukabadilisha maneno, ikawa:

s:18:"https://mpya.test"

Hesabu: ni 17. PHP inafika pale, inaona idadi na maneno havilingani, inautupa mfuko mzima. Ndiyo maana makala yako salama (hayafungashwi hivyo) na wijeti zimekwenda. Rudisha databesi ya asili kama ilivyo, kisha kama una ruhusa ya kuandika amri kwenye seva tumia WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi: wp search-replace, anwani ya zamani, anwani mpya, na mwishoni --dry-run ili uone kwanza itagusa sehemu ngapi bila kubadilisha. Ukiridhika, iondoe hiyo ya mwisho na uendeshe. Yenyewe inazihesabu herufi upya.

#8

Mimi sina kisa cha kuanguka, nina cha lugha, naomba kiingie maana ni utunzaji pia.

Tulitaka wahariri wetu wafanye kazi kwa Kiswahili tupu kwenye dashibodi ya WordPress, nikakaa kutafsiri. Kiingereza kina "All" moja, juu ya orodha ya makala na juu ya orodha ya kurasa, na kwenye mfumo ni tungo ileile moja. Sisi machapisho ni yote, kurasa ni zote. Ukiandika "Yote (12)" kurasa zinalalamika, ukiandika "Zote" machapisho yanalalamika. Watumiaji wao wana tungo yao, kwa hiyo "Wote" ilikaa vizuri. Niliihangaikia siku nzima, mwisho nikaandika "Jumla (12)". Haidai upatanisho na mtu yeyote. (Mkuu wa #4 atafurahi.) Kwa zilizokwisha kuchapishwa nikaweka "Hewani", na ambazo bado nikaweka "Rasimu". Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetafsiri: tafuta nomino au neno lisilobeba ngeli, utapumua.

La pili ni ng'. Tovuti yetu ni ya ushauri wa mifugo. Msomaji anatafuta ng'ombe, anaambiwa hakuna matokeo, kwenye tovuti yenye makala mengi ya ng'ombe! Waandishi walikuwa wakiandika kwenye programu ya kuandikia nyaraka, inayogeuza kile kialama kuwa cha kupinda, kisha wanabandika. Msomaji kwenye simu anaandika kilichonyooka. Kwa databesi hizo ni herufi mbili tofauti. Nilichukua bakapu, nikabadilisha vyote vya kupinda kuwa vilivyonyooka ndani ya databesi; wakati wa kuonyesha WordPress huvipinda yenyewe kwa ajili ya macho, kwa hiyo ukurasa haukuharibika. Kesho yake mfugaji akaandika kushukuru kwamba "sasa ng'ombe wamepatikana".

#9 (mwanzisha uzi)

Wakuu asanteni. @#2, maneno yako yalininyima usingizi, jana nikajaribu kurudisha bakapu yangu kwa mara ya kwanza. Faili la zipu limekataa kufunguka. Kulitazama, linatakiwa kuwa karibu GB 2, lililopo ni MB 700. Plagini inaishia njiani, nahisi seva inaikatisha muda ukizidi, na tiki ya kijani inaweka palepale. Zote za wiki tatu ziko hivyo. Wewe zako unazitoa kwa plagini au kwa njia nyingine?

#2

Plagini niliacha. Kwenye kompyuta nyingine kabisa nimeweka cron (ratiba ya kazi inayojiendesha) ya saa nane usiku: inaingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwa mbali, inaendesha mysqldump kutoa nakala ya databesi, kisha rsync, chombo cha kunakili mafaili, inavuta uploads, mafaili yaliyobadilika tu, kwa hiyo haichoki hata folda ikiwa kubwa. Nimeipanga ivute, isiwe seva inayosukuma. Akiingia mdukuzi kwenye seva hakuti funguo za mahali nakala zilipo. Nipe muda nifute manenosiri kwenye hati yangu, nitaibandika hapa usiku.