Baraiti (unga wa madini mazito) inazama chini ya tangi, nakosea wapi?

Wakuu, kisima cha maji ninachochimba kinabubujika juu, nataka tope la kuchimbia liwe zito liyazuie maji. Tope langu lina kilo 1.10 kwa lita, nataka lifike 1.25. Jana nimemwaga mifuko kumi ya baraiti, mizani imesogea kiduchu. Asubuhi nakuta tabaka la kijivu chini ya tangi, gumu kama saruji.

— Tope lako majimaji, halibebi. Tia bentonaiti (udongo wa kulifanya tope liwe zito la kunata) kwanza, iache ivimbe, kisha pitisha baraiti kwenye hopa (faneli ya kuchanganyia) taratibu huku unakoroga. Habari za kumwaga kwa ndoo acha!

— Kila mita ya ujazo inataka kilo 214 hivi za baraiti. Tangi lako kubwa kiasi gani?

— Mita za ujazo 10, mkuu.

— Basi mifuko 86 ya kilo 25. Usipitilize, mwamba ukipasuka tope lote linakimbilia huko.

— Duh! Ninayo 30 tu.