Jirani Mwema Sinza: uchaguzi wa nini kama mshindi anajulikana?

Mama Neema: Wakubwa shikamooni. Neema ana mdahalo shuleni: "Serikali ya kidikteta haina haja ya uchaguzi." Wamepangiwa kupinga. Aanzie wapi?

Mwl. Kessy: Marahaba. Aanze hivi: dikteta ana haja nao sana, ila hatafuti maoni ya wananchi, anatafuta hati. Ukishatangazwa na tume, jaji anakuapisha, jeshi linakupigia saluti, marais wenzako wanaleta salamu za pongezi, na mkopeshaji ana jina la kuandika kwenye mkataba. Aliyeingia kwa bunduki hana kinga hiyo. Mwenye bunduki kubwa zaidi anajiona naye ana haki ileile.

Fundi Side: Si ajiandikie 100% yaishe?

Mwl. Kessy: Saddam Hussein wa Iraq alijiandikia, Oktoba 2002. Kura za ndiyo 100%, waliojitokeza 100%. Na Liberia 1927 Rais Charles King alitangaziwa kura zaidi ya 230,000, wakati wenye haki ya kupiga kura walikuwa kama 15,000 😂 Hati ya kuchekesha haina kazi. Wajanja wa sasa wanataka 60 au 70, na mpinzani wa kushindwa naye awepo kwenye karatasi.

Wakili Zuhura: Ndiyo maana kazi kubwa humalizwa kabla ya siku ya kura. Mgombea mwenye nguvu anaenguliwa kwa kosa la fomu. Daftari la wapiga kura linafungwa bila kukaguliwa. Mawakala wananyimwa barua za utambulisho hadi usiku wa mwisho. Siku yenyewe inapita kwa amani, foleni zimenyooka, na mwangalizi aliyetua wiki hiyo anaandika "utulivu".

Fundi Side: Azerbaijan 2013 matokeo yalitoka kwenye programu ya simu ya tume siku moja kabla ya kura 🤣

Mzee Pazi: Basi wapinzani wasusie. Hati itakosa shahidi.

Wakili Zuhura: Mzee, kususia kunategemea una nini mkononi. Chukua Zimbabwe 2008. Machi, fomu ya matokeo ya kila kituo, V11, ilibandikwa nje ya kituo. Watu wakazipiga picha na kujumlisha wenyewe. Tume ilikaa na matokeo ya urais zaidi ya mwezi, lakini haikuweza kuficha kwamba mpinzani, Tsvangirai, ameongoza: asilimia 47.9 kwa 43.2 za Rais Mugabe. Marudio ya Juni, wafuasi wa Tsvangirai wakipigwa na kuuawa, akajitoa. Mugabe akapata 85% na ikamsaidia kidogo sana, kwa sababu waangalizi wa SADC wenyewe, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walisema haikuwakilisha matakwa ya wananchi. Septemba akasaini kugawana madaraka. Tsvangirai angesusia tangu Machi, namba za kumbana zingetoka wapi?

Mzee Pazi: Hapo nimekuelewa. Ila viti vya bunge ukisusia vinakwenda bure, hilo nalo mliseme.

Mwl. Kessy: Kweli. Neema achukue na Ujerumani Mashariki. Pale mpiga kura alipewa orodha moja ya wagombea, anaikunja na kuitumbukiza. Kukataa ilibidi ukate majina, na anayeingia kwenye kibanda anaonekana. Mei 7, 1989 wakatangaza 98.85%. Bahati mbaya kwao, sheria yao iliruhusu raia kushuhudia kuhesabu. Watu wakagawana vituo, wakaandika kura za hapana, wakajumlisha: katika baadhi ya wilaya za Berlin Mashariki zilizidi zile zilizotangazwa na serikali. Kabla ya hapo kila mtu alidhani yuko peke yake. Novemba Ukuta wa Berlin ukaanguka.

Fundi Side: Kwa hiyo wizi unakamatwa wapi hasa?

Wakili Zuhura: Kati ya kituo cha kupigia kura na kituo cha majumuisho. Wakala asiondoke bila nakala yenye saini na muhuri. Aandike namba za lakiri za sanduku, idadi ya karatasi zilizopokelewa, zilizotumika, zilizoharibika, zilizobaki. Hesabu isipofunga, alalamike kwa maandishi hapohapo. Kenya 2017 waangalizi wakubwa walisifu mapema mno, na tume ikatangaza mshindi bila kuwa na fomu zote za 34A, zile za matokeo ya kila kituo. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta. Marudio ya Oktoba Odinga akasusia, Uhuru akapata 98%, waliojitokeza hawakufika 40%.

Mwl. Kessy: Takwimu nazo zinasema. Urusi tangu 2004, vituo vingi mno vinaangukia asilimia kamili: 75, 80, 85. Aliyepewa lengo na bosi wake anajaza mpaka lifike.

Wakili Zuhura: Na mahakama iwe na mlango. Kwetu Tanzania ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza ushindi wa rais akishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, 2020 ilisema inakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo.

Admin Baba Juma: Wakili, hapohapo tafadhali. Kikundi hiki ni cha taka na ulinzi shirikishi 🙏

Mama Neema: Asanteni jamani. Ana dakika tatu tu.

Mwl. Kessy: Saddam aanze naye wacheke. Muda wote uliobaki aupe Zimbabwe.